Mgomba Aliokuja Nao Mama

Afisa kilimo aliposema migomba yote ing'olewe, mama alisimama katikati ya shamba letu la Kirushya akakunja mikono. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia. Kila shina lililokatwa lilitoa usaha wa njano. Alikubali yote iondoke isipokuwa mmoja wa nyuma ya jiko, aliopewa chipukizi lake na mama yake siku anaolewa. Bibi alishafariki, na hatuna picha yake hata moja.

"Huu nikiung'oa, nabaki na nini?"

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na uvumilivu sina. "Mama, unaumwa huo! Ng'oa!" Nikaona machozi, nikajuta. Nikaketi, nikachukua kamba aliyokuwa anasokota, nikaanza kuifumua.

"Wee! Unaniharibia kamba!"

"Tulia, mama. Ndani ya kila seli ya mgomba kuna DNA, maelekezo ya kuujenga. Ni nyuzi mbili zimesokotana hivi. Seli ikitaka kugawanyika, nyuzi zinaachana, na kila uzi unajengewa mwenzake mpya, herufi kwa herufi: A haipokei ila T, G haipokei ila C. Zinapatikana kamba mbili zinazofanana, kila moja ina uzi wa zamani na uzi mpya. Makosa hutokea, ila machache mno. Ndiyo maana chipukizi huwa mgomba uleule."

Mama akaninyang'anya kamba yake. "Kwa hiyo hata ule wa kwa yule mwanamke?"

Lo! Nilikuwa nimesahau. Zamani alimpa jirani wa ng'ambo ya bonde chipukizi la mgomba huo, akamwambia ulitoka kwa mama yake, kabla mbuzi wa jirani hawajamaliza maharage yetu na wao wawili kuanza kukaa mbalimbali kwenye sala za jumuiya.

"Uleule, mama. Na kule mnyauko haujafika."

Asubuhi aling'oa wake mwenyewe, akanawa kwa sabuni mara mbili kwa amri yangu, akavaa kitenge cha kanisani. Njia nzima alikuwa anajifunza maneno ya kuomba. Hakutumia hata moja. Jirani alipotuona aliingia ndani, akatoka na jembe.

"Nimesikia mmevamiwa na mnyauko," alisema. "Nilitaka kukuletea, nikaogopa utanifukuza."

"Ningekufukuza kweli!"

Wakacheka mpaka jirani akashika mgongo. Kisha akachimba chipukizi zuri, akampa mama kwa mikono miwili.

"Mama yako huyu. Mchukue."