Damu ya Bibi Kwenye Kioo

Kila asubuhi nikifungua mlango wa maabara ninayofanyia kazi hapa Mbeya, harufu ya spiriti hunipokea kabla ya mtu yeyote. Wenzangu wanasema inawaumiza kichwa. Mimi hunirudisha Ilula, uani kwa bibi mzaa mama, nikiwa likizo ya darasa la nne, Jumapili ile aliyochinjwa jogoo mwekundu.

Jogoo alichinjwa kwa heshima ya mjomba wangu, aliyekuwa akifundisha baiolojia Ipogolo. Mjomba alikuwa mtu wa mambo yake. Walimu wenzake wakipata nafasi walikwenda kuangalia mpira. Yeye alikuwa na hadubini ndogo ya kujifurahishia, na alitembea nayo ndani ya begi ameivingirishia taulo kama mtoto mchanga. Alishatuchungulisha bawa la nzi, ngozi ya kitunguu, hata uchafu wa kucha zangu, jambo lililonifanya ninawe mikono kwa bidii wiki nzima. Jumapili hiyo, tulipotoka kanisani, alitoa kichupa cha rangi ya zambarau akasema leo tunaangalia damu.

Alinitoboa kidole mimi kwanza. Sikulia, ingawa nilitamani. Jogoo alipochinjwa akakinga tone lake pia. Bibi, mjomba hakuthubutu hata kumwomba, maana tulimjua. Miezi kadhaa alikuwa akichoka; kutoka bustani ya nyanya mpaka nyumbani alipumzika mara mbili, na ukimtajia hospitali anakukata kauli. "Wale wanataka damu tu," alikuwa akisema. "Hata hawakuulizi umeamkaje." Uchovu, kwa maelezo yake, ulikuwa uzee. Basi tulishangaa alipovuta kigoda mwenyewe, akakaa, akaninyooshea kidole mimi na si mjomba.

"Nitoboe wewe, mjukuu wangu," alisema. "Halafu utaniambia ulichokiona."

Mjomba alinipa kisindano kipya, nikamtoboa. Akanifundisha kuweka tone kwenye kioo na kulisukuma kwa ukingo wa kioo kingine, mkono usitetemeke, mpaka damu itandazike nyembamba kama ulimi. Vioo vitatu tukavianika kwenye ungo.

"Andika majina kwa penseli," mjomba alisema. Akarudia: penseli, si kalamu.

Sasa niwaulize ninyi. Mwaka ule ndio tulioruhusiwa kuandika kwa kalamu ya wino, na nilikuwa nimeisubiri kalamu hiyo tangu darasa la kwanza. Nirudi kwenye penseli kama mtoto wa chekechea? Mjomba alipoingia ndani kula, nikaandika kwa wino, mwandiko wa kujionyesha: Neema, Bibi, Jogoo. Nikavitumbukiza vioo kwenye spiriti ili damu ishike, kama alivyonielekeza, na nilipovitoa vilikuwa vyeupe pe upande wa majina. Wino wote ulikuwa umeondoka.

Niliona haya kusema. Changu nilikijua kwa sababu kilikuwa na ufa pembeni. Viwili vilivyobaki nikavitazama kwa akili zangu zote za miaka kumi. Kimoja damu yake ilikolea, kingine ilikuwa hafifu, karibu maji. Nikaamua iliyokolea ni ya Bibi, kwa kuwa mtu mzima damu yake lazima iwe nzito, na ile hafifu ni ya jogoo, ambaye hata hivyo alikuwa mdogo. Nikaandika tena, safari hii kwa penseli. Kisha nikavimwagia rangi, nikasubiri kiasi cha kusonga ugali, nikavisuuza.

Jioni mjomba alirudi Ipogolo kuwahi masomo ya ziada ya likizo, Jumatatu hadi Alhamisi. Aliniachia hadubini na simu yake ya zamani nipige picha. Alikuwa ametengeneza kishikizo kwa boksi la dawa ya meno ili simu isimame sawa juu ya lensi, na kwenye daftari langu alichora chembe nyekundu ya mtu: duara tupu, halina kiini katikati.

Jumatatu nikaweka kioo cha Bibi. Kila chembe ilikuwa na doa jeusi katikati. Nikasogeza kushoto, nikasogeza kulia. Yote yalikuwa vilevile. Nikapiga picha tisa, zote zikatoka na madoa. Nikaangalia changu: hakuna hata moja. Bibi yangu ameingiwa na kitu katika kila chembe ya damu, na ninayejua ni mimi peke yangu.

"Umeona nini?" aliniuliza nilipotoka.

"Rangi haijashika, Bibi."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye mboga zake. Hakuuliza tena.

Kwa siku tatu niliteka maji bila kutumwa na kula mlenda bila kununa. Niliomba Mungu mpaka nikamwahidi vitu ambavyo sikuwa navyo. Bibi naye akawa mpole kupita kawaida. Alinifunulia kopo la mbegu za maharage, akanieleza zipi hutangulia kupandwa. Akanipa kitenge chake cha kanisani, kile cha ndege. Akanionyesha kadi yake ya usharika ilipo, chini ya godoro, ili siku ikihitajika watu wasihangaike kuitafuta. Nilipokea yote huku nikimwonea huruma, masikini, kwamba hajui.

Alhamisi mjomba aliporudi nikamwagika machozi, nikasema yote, na la wino pia. Alikuza picha kwa vidole, akacheka. "Huyu ni jogoo, Neema. Damu ya ndege ndiyo yenye viini." Akiwa bado anacheka, akachukua kioo nilichokiandika jogoo, akainama. Kicheko kikakatika. Chembe zilikuwa hazina kiini, lakini zilikuwa zimepauka, zimebaki ukingo tu, kama pete.

Kesho yake alimwambia Bibi waende hospitali. Tulijiandaa kwa ubishi, lakini Bibi alikuwa ameshavaa. Ilikuwa safura, minyoo inayonyonya damu, aliyoipata kwa kutembea pekupeku bustanini. Alimeza dawa miezi kadhaa, na nyanya zilipoiva alikuwa akinitangulia njiani.

Kwa miaka mingi nilisimulia mkasa huu kama kichekesho cha penseli. Kisha nikaajiriwa, nikagundua jambo: ninapoinua kichwa kutoka kwenye lensi, mgonjwa aliyeko dirishani hatazami karatasi. Ananitazama usoni. Siku ya kwanza nilipoliona hilo, nikakumbuka mbegu, kitenge na kadi.

Pasaka iliyopita nilimkuta Bibi akimenya maharage, nikamuuliza kama zile siku tatu alikuwa akijua.

"Ulitoka kwenye ile mashine na uso wa matangani," alisema. "Nikajua nakufa."

"Mbona hukuniuliza tena, Bibi?"

Akachukua ganda jingine. "Ulikuwa mtoto. Ulikuwa unahangaika sana ili nisijue. Nikaona nikuachie."