Mke Wangu wa Wodini

Mkufunzi aliyetusimamia sisi wanafunzi wa uuguzi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, hapa Morogoro, alitufundisha hata kutabasamu. Ukizidisha, umemzoea mgonjwa; ukipunguza, umemnyanyapaa. Tulikuwa tukijipima midomo kwenye vioo vya chooni.

Mimi nilipangiwa bibi mmoja kutoka milimani. Aliletwa akiwa hasemi, hali, halali. Dawa zilimkubali, na sasa alitaka jambo moja tu: kurudi nyumbani kabla njegere zake hazijakaukia shambani. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Naye: "Marahaba, mume wangu. Hata kuni hujaniletea, mwanaume gani wewe!" Nilifurahi mno. Aliyekuja bubu sasa ananitania kama bibi yangu mwenyewe.

Siku ya raundi, mkufunzi akaninyooshea kidole.

"Bibi, huyu ni nani?"

"Mume wangu. Mvivu, lakini nitafanyaje, nimeshampenda."

Wenzangu waliuma midomo. Mkufunzi akaandika kwenye faili: ana imani potofu, anadhani ameolewa na mwanafunzi. Bibi hakuruhusiwa kurudi nyumbani.

"Mwalimu, huo ni utani wa bibi na mjukuu," nikasema.

"Utani ni wa nyumbani. Hapa ni wodini."

Na mtu huyuhuyu, juzi yake tu, nilimsikia kwenye simu akimwambia mama yake, "Mke mwenzako anakusalimia." Mke mwenza mwenyewe ni binti yake, yuko chekechea. Alicheka mpaka akashika ukuta, na hakuna aliyemfungulia faili.

Nilikasirika, ila hasira ya mwanafunzi haimtoi mtu wodini. Nikamnong'oneza bibi: "Ukiulizwa tena, sema mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. La sivyo hutoki."

Akanitazama sana. "Kumbe hapa watu hawataniani?"

"Hawataniani, bibi."

Raundi iliyofuata akajibu kama nilivyomwambia, uso mkavu. Mkufunzi akatugeukia kwa furaha: "Mnaona dawa inavyofanya kazi?" Bibi akaruhusiwa.

Nilimbebea kifurushi chake hadi getini, ambako mwanawe alimsubiri na bodaboda. Mkufunzi hakuwepo. Nikamwamkia kwa makusudi, nikingoja kusemwa kwa uvivu wangu.

"Shikamoo, bibi."

Aligeuka kwanza, akaangalia nani anasikia.

"Marahaba, nesi," akasema, akapanda.

Njegere nadhani aliziwahi. Mimi niliachika pale getini, na mpaka leo inaniuma.