Makapi ya Mapera Bwawani

Nilifika bwawani asubuhi, nikadhani matone ya mvua yanapiga maji. Hapakuwa na mvua. Ilikuwa midomo ya samaki. Perege wetu, tuliowaleta kutoka Ziwa Jipe ndani ya pipa, walikuwa juu wakihema, na wengine walikwisha kugeuza matumbo juu.

Mimi ndiye niliyefundisha darasa la watu wazima kwamba makapi ya mapera, yanayobaki akina mama wa kijiji chetu cha ujamaa wakipika jemu, ni chakula cha samaki. Na mkutano wa kijiji ulitupa msimu mmoja tu: samaki wakifa, bwawa lifukiwe, pawe shamba la maharage.

"Nani kawalisha?" niliuliza.

"Mimi, mwalimu," alisema jirani yangu, mwenye zamu ya kulisha. "Jana jioni, matenga manne. Ng'ombe wangu nikimpunja, hanipi maziwa."

Kumbe aliwajazia kama anavyojaza hori la ng'ombe wake wa ndani! Kosa lilikuwa langu. Makapi mabichi yakioza majini humaliza hewa; yanatakiwa yakaushwe, yachanganywe na pumba, samaki wapewe kidogo kidogo. Nilisema yanafaa, nikaishia hapo.

Sasa walihitaji maji mapya, nayo yalikuwa kwenye ndiva, lambo letu la kumwagilia linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Siku ile zamu ilikuwa ya bibi aliyesema mkutanoni kwamba samaki ni nyoka waliofupishwa. Nilimkimbilia. Alikuwa kwenye mfereji na jembe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kulikoni mbio hizo?"

Nikamweleza.

"Yaani nyoka wenu wanywe maji ya maharage yangu?"

"Ndiyo, bibi."

Aliyatazama maharage yake, majani yamelegea. Kisha akakata kwa jembe tope lililoziba mfereji wa bwawa, maji yakageukia huko. Nikakimbia kuyafuata, nikasahau kushukuru.

Tulichota makapi kwa ungo hadi mchana, na mizoga ya samaki tenga zima. Waliobaki hai wakarudi chini, hawaonekani tena. Sikuwahi kufurahi hivyo kutoona samaki.

Jirani alikuwa analia. "Nisiwaguse tena, mwalimu?"

"Kesho utawalisha wewe," nilimwambia. Tukatandaza makapi juani. Nikamfungua kiganja, nikamwonyesha: "Yakikauka, pamoja na pumba. Kiganja kimoja tu."

Akakikunja kile kiganja kitupu, akaenda nacho nyumbani hivyo hivyo.