Niliwafunga Misri Matatu, Shemeji Akavunjwa Mkono

Haya jamaa, mlioketi na mliosimama, mlioshiba na mlio na njaa kama mimi, nipeni masikio! Leo siwaletei uongo mpya. Nawaletea wa zamani, niliokwisha kuusema, na damu iliyomwagika kwa ajili yake.

Nimekosa. Nalisema mapema msije mkadhani nawazungusha. Nimekosa mimi, kwa mdomo wangu huu huu, ambao marehemu mamangu alisema ningezaliwa bila huo ningekuwa mtu mwema sana.

Sikusoma. Darasa nililiona dirishani nikipitisha mbuzi. Mimi nasema na mke wangu anaandika, na ameniapisha nisitie chumvi. Nikitia ni ya kuonja tu, jamani, chakula hakiliki bila chumvi!

Basi. Sisi ni watu wa Kaloleni. Kazi yangu mimi ni kufua nazi. Shemeji yangu Kazungu, aliyemwoa dadangu Sidi, alikuwa mgema. Nasema alikuwa, na hapo ndipo roho inaponiuma.

Mgema gani yule! Minazi kumi na minane, mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni, kibuyu begani. Kunguru wa huko juu walikuwa wakimwamkia shikamoo. Na mnazi wa kugema ni kama mtoto wa kunyonya: karara lake, lile linalotoa pombe, likikosa kisu siku tatu tu, linakauka, kwisha. Kwa hiyo mkono wa kulia wa Kazungu ndio uliokuwa unga, ndio uliokuwa chumvi, ndio uliokuwa sare za shule za watoto sita wa dadangu.

Sasa mimi nilikuwa na redio. Niliuziwa na mpishi mmoja wa hoteli kule Bofa, nikamlipa kwa gunia la nazi. Lakini panya wa nyumbani kwangu ni majambazi, waliitafuna spika yote ikabaki tundu. Ikawa haitoi sauti nje hata uifinye. Kilichobaki kizima ni kile kidude cha kutia sikioni.

Kwa hiyo siku za mpira tulikuwa na utaratibu wetu. Watu wanakusanyika mangweni kwa Mama Dama, pale tunaponywea mnazi. Mimi nakalia kinu kilichopinduliwa, natia kidude sikioni, naufunga mdomo kidogo nasikiliza, halafu naufungua nawatangazia. Mtangazaji wa Nairobi anatangaza kwa sikio langu, na mimi natangaza kwa Kaloleni nzima. Na kinywaji changu siku hiyo ni cha bure, maana koo la kazi lazima lipakwe mafuta.

Haki ya Mungu, nilitangaza vizuri kuliko yule wa Nairobi! Yeye alikuwa akisema "mpira umetoka." Mimi nasema, "Mpira umetoka, umempiga polisi kofia, umeingia kwenye sufuria ya mama muuza maharagwe!" Watu wanakufa kwa kicheko.

Ndipo ikaja ile fainali ya mpira ya mwaka wa themanini na saba, nchi yetu na Misri, Nairobi.

Misri, jamani! Watu wanaochukua vikombe kama sisi tunavyookota nazi zilizoanguka zenyewe. Timu yetu sisi, ikitoka sare tu, tulikuwa tukichinja jogoo. Lakini siku hiyo nchi nzima ilisema leo ni leo. Mangweni hapakuwa na pa kutema mate. Kazungu alishuka mnazini mapema, akaketi mbele yangu, magoti yake yanagusa yangu.

"Mulamu," akaniambia, ndiyo shemeji hiyo kwetu, "leo usinifiche kitu."

"Nikufiche nini, Kazungu? Mimi ni bomba tu, maji yatoka Nairobi."

Nikatangaza. Vijana wetu walikimbia kama waliomwagiwa siafu. Walizuia, walipiga, walikosa, wakarudi tena. Watu mangweni wakawa hawanywi, wameshika vibuyu tu. Mama Dama mwenyewe aliacha kuuza, akawa anamkanyaga paka bila kujua.

Halafu, jamani, nikasikia sikioni ule uwanja ukinyamaza. Maelfu ya watu, kimya kama kisima. Na mtangazaji kwa sauti ya mtu aliyefiwa: Misri wamepata bao.

Sura yangu ilibadilika. Kazungu akaiona.

"Nini, mulamu? Nini?"

Nikatazama. Macho yale yote, meno yale yote yaliyong'oka na yaliyobaki, yananingoja mimi. Na Kazungu amekunja ngumi mbili chini ya kidevu kama mtu anayesali. Hakuna aliyepata kuningoja hivyo maishani mwangu, hata siku ya harusi yangu.

Nikafungua mdomo. Wallahi nilitaka kusema kweli. Kilichotoka ni hiki:

"BAOOO! LETUUU!"

Ooooh! Mangwe iliruka ikatua mahali pengine! Kibuyu kilinipita sikioni. Mzee mmoja wa magongo aliyatupa magongo yake akacheza kama namba kumi uwanjani mpaka akaanguka. Kazungu alininyanyua na kinu changu.

Niliyataka mwenyewe, sasa ningerudi vipi? Uongo ni kama kupanda mnazi bila kujua kushuka. Nikawafunga Misri la pili kwa mkwaju wa mbali. Wakaniletea kibuyu. Nikawafunga la tatu kwa kichwa, na kipa wao nikamliza. Sikioni naambiwa vijana wetu wanahangaika kusawazisha, mdomoni nawachezesha danadana!

Mpira ukaisha. Moja bila, ya Misri. Nikavua kidude, nikasimama juu ya kinu.

"Tatu bila! Yetu!"

Nikidhani wataimba, watakunywa, watalala, na kesho nitajua la kusema. Pumbavu mimi! Kumbe furaha hailali. Kazungu alikata makuti mabichi, akampa kila mtu lake, akapiga ukemi: "Twende sokoni! Wote watusikie!"

Wakanibeba mabegani, mbele kabisa. Nikawa nasema, "Jamani, nishusheni, tumbo laniuma." Nani akusikie?

Sasa sokoni palikuwa na duka lenye redio kubwa, nzima, ya spika mbili. Pale ndipo walipokuwa wakisikilizia wenzetu wa upande wa pili: wachuuzi, mafundi wa baiskeli, na mchinjaji mmoja jina lake Menza, mtu shingo yake ni paja langu. Walikuwa wamesikia yote. Wameketi chini kama matangani. Wengine wanafuta machozi.

Na sisi ndio tunatokea, watu sabini, makuti juu, ngoma ya debe, twaimba: "Wamelia! Leo wamelia!"

Menza aliinuka polepole.

"Mwashangilia nini nyinyi?"

"Ushindi!" Kazungu akamjibu, meno yote nje. "Kwani nyie mwalia nini?"

"Mwashangilia ushindi?" Menza akawageukia wenzake. "Mwawasikia? Wasaliti hawa! Nchi yao imefungwa, wao wacheza ngoma! Mumelipwa na nani, mbwa nyie?"

"Imefungwa na nani? Tumewapiga Misri tatu!"

"Mumepigwa nyinyi moja, na mumepigwa akili!"

Kazungu akaniinulia uso kule juu mabegani. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwomba ndugu yake maji:

"Mulamu, waambie. Wewe ndiwe uliyesikia."

Hapo! Hapo jamani ndipo nilipowekwa kwenye mizani. Neno moja tu. "Nilitania." Ningechekwa, ningezabwa makofi mawili matatu, ningerudi nyumbani nikalala. Neno moja, na mkono wa Kazungu ungekuwa mzima leo.

Nikasema, "Hiyo redio yao imeshika Misri! Huko Misri wanajidanganya wenyewe! Ya kwangu ndiyo imeshika Nairobi!"

"Mwasikia!" Kazungu akapiga kelele. "Redio ya vibaraka!"

Na akaitupa chini kwa teke ile redio ya dukani.

Loo! Menza alimpiga mtu wa kwanza kofi, yule akazunguka mara mbili ndipo akakumbuka kuanguka. Waliokuwa wamenibeba waliniachia, nikatua kwa kisogo. Kisha ikawa vita, si ugomvi, vita! Makuti yakawa fimbo, vibuyu vikawa mabomu. Nilimwona fundi baiskeli akizungusha mnyororo, kila ukipita unaondoka na shati na ngozi. Nilimwona mtu akitema meno mkononi, akiyahesabu, akiyatia mfukoni na kurudi tena kupigana. Mmoja wetu aling'atwa sikio likabaki linaning'inia kama hereni. Kiatu kimoja kilirushwa, wanasema kilipatikana Mariakani. Vumbi lilikuwa jekundu, na si udongo wa Kaloleni uliolitia rangi.

Na mimi? Mimi mtangazaji, mimi simba? Nilikuwa nimepanda juu ya mkanju nyuma ya bucha, nimekumbatia tawi kama kima.

Kutoka huko nikamwona Kazungu. Alikuwa akipigana peke yake na watatu, na kila akipiga anasema, "Tatu! Tatu bila!" Alikuwa akiupigania uongo wangu, jamani. Damu yamwingia machoni, aifuta, apiga. "Tatu!"

Menza akatoka buchani na mpini wa shoka.

Niliuona ukipanda. Ningeweza kupiga kelele. Koo langu hili, lililokuwa limemfanya Mama Dama akanyage paka, siku hiyo lilikauka.

Mlio wa mfupa ukivunjika, ukiusikia mara moja hauhitaji kuusikia tena. Kah! Kama kuti kavu. Mkono ukapinda mahali pasipo na kiwiko. Kazungu akautazama kwanza kama si wake. Halafu akalia, na vita vikasimama vyenyewe, maana hakuna aliyepata kumsikia mgema yule akilia.

Mfupa ulishika, lakini ulishika vibaya. Kiwiko hakikunjuki. Wiki ile ya kwanza nilijaribu kumgemea mimi. Nilipanda mnazi mmoja, nikateremka kwa tumbo, kifua chote kikabaki kwenye gome. Minazi kumi na minane ikakauka mmoja mmoja, na Kazungu ameketi mlangoni aitazama.

Na mwafikiri nilikiri? Thubutu! Asubuhi baada ya vita vile nchi nzima ilijua tumefungwa, watu wakanijia na marungu. Nikawaambia, "Jamani, ni redio! Panya wameila, imenidanganya!" Wakaamini. Wakaitoa uani kwangu, wakaisomea makosa yake, wakaiponda kwa mchi wa kinu mpaka ikawa unga. Yule redio maskini alikufa shahidi, hajasema uongo hata siku moja maishani mwake!

Kazungu mwenyewe alinituliza. "Si kosa lako, mulamu. Wewe ulikuwa bomba tu."

Miaka miwili nimeyabeba maneno hayo. Dadangu anatembeza mihogo kwa kichwa. Karisa, kifungua mimba wao, ameacha shule, afua nazi pamoja nami, na kila akipiga nazi nasikia "kah." Sili nikashiba. Mke wangu anayeandika hapa ni shahidi, nimekonda mpaka suruali yanivaa yenyewe.

Enyi wenzangu mnaopenda kuchekesha watu, nisikieni! Kuchekesha ni vizuri. Lakini siku mtu akikuuliza jambo akiwa na moyo wake mkononi, acha mzaha, mpe ukweli wake hata kama ni mchungu. Na ukishadanganya, rudi upesi, kabla mwingine hajaanza kuupigania uongo wako. Watu hupigwa kwa maneno ya mtu aliye juu ya mti!

Juzi nikashindwa kuyabeba. Nikabeba kibuyu cha mnazi, nikaenda kwao mchana kweupe. Nikaonja mimi kwanza, kama ada, kuonyesha sikutia sumu. Kazungu akapokea kwa mkono wa kushoto. Sidi alikuwa jikoni, apika.

"Kazungu," nikasema, "redio haikukosea."

"Eti nini?"

"Ilinambia kweli. Ilisema Misri moja. Ni mimi. Nilikuona umekunja ngumi vile, nikashindwa kukuambia. Na pale sokoni nikaogopa. Na nilikuwa juu ya mkanju, nilimwona Menza na mpini, sikukuita."

Kazungu alikiweka kibuyu chini taratibu, kisimwagike. Akausogeza ule mkono uliopinda mapajani, kama mtu amlazaye mtoto.

Kisha nikaziona nyota mchana! Ngumi ya kushoto, jamani, miaka miwili imelala inaningoja mimi! Nilipita mlangoni kinyumenyume, nikakiangusha kitanda cha kamba, nikatua uani katikati ya kuku. Jino moja nilimeza, jingine nalikuta ulimini.

Kazungu akatoka, akasimama juu yangu. Alikuwa akilia. Akaushusha mkono.

"Basi," akasema. "Yameisha. Inuka, mulamu."

Nikanyoosha mkono aniinue. Ndipo dadangu wa tumbo moja, Sidi huyo, akatoka jikoni mbio na mwiko unachuruzika uji, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia:

"Yameisha vipi, baba Karisa? Hilo moja ni la Misri! Yetu matatu bado!"