Mkono Uliotua Shavuni

Nakumbuka siku moja kule Piyaya, bomani kwa wakwe zangu, mwanangu, siku ambayo mkono uliopaswa kutua kichwani kwa mtoto wangu ulitua shavuni. Miaka mingi imepita. Yule mtoto sasa ni baba wa watoto, na mimi nimestaafu ualimu, nakaa hapa Karatu nikililalamikia vumbi la magari ya watalii. Lakini nikiikumbuka siku ile damu inanichemka, na sitaki ipoe. Wanasema hasira hasara. Ziko hasira nyingine, ukizitupa ndipo unapopata hasara.

Ningeweza kunyamaza, maana yaliyopita si ndwele. Ila Jumapili hii, baada ya ibada, nimemwona mtoto mdogo ambaye wazazi wake wanafundisha ng'ambo na wamekuja likizo. Amezungukwa na watu wazima wanamcheka kwa sababu amesalimia kwa namna ya huko anakokaa. Mzee mmoja, mtu wa kuheshimika kabisa, akatikisa kichwa akasema, "Huyu ameshaharibika."

Ameharibika! Neno lile lile. Nilimjibu maneno ambayo mama mchungaji ameniomba nisiyarudie, kwa hiyo siyarudii. Lakini wewe, unayefunga mizigo na mwenzio kwenda kufundisha nchi za watu na watoto wadogo wawili mkononi, wewe nitakueleza yote. Kaa hapo. Kunywa chai, inapoa.

Mimi na baba Lemayian tulikuwa walimu vijana, yeye wa hesabu, mimi wa baiolojia, tulipopata mkataba wa kufundisha Botswana. Lemayian, mwanetu wa kwanza, alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye nepi. Naserian alikuwa bado mgongoni. Watu wa nyumbani walidhani tumekwenda kula raha. Raha gani! Asubuhi mmoja anapika uji, mwingine anatafuta soksi, mtoto mmoja anatapika juu ya sare ya mwalimu, na kengele ya shule haimsubiri mtu. Jioni nilisahihisha madaftari na Naserian mgongoni, sufuria ya ugali jikoni, na Lemayian ananivuta sketi akitaka kujua kwa nini ng'ombe wa huko hawaimbiwi. Ugenini hakuna shangazi wa kukuokotea mtoto. Mko wenyewe.

Sasa nikueleze jambo, kama hulijui. Kwetu sisi Wamaasai mtoto hampi mkubwa mkono. Anamsogelea, anainamisha kichwa, na mkubwa anaweka kiganja utosini. Hapo ndipo salamu inakamilika. Mtoto anatoa kichwa, mkubwa anatoa mkono, na mmoja akikosekana hakuna salamu. Lemayian alikuwa amelijua hilo tangu aanze kutembea, maana alianza kutembea bomani kwa bibi yake.

Kule Botswana akawa anafanya hivyo hivyo. Siku ya kwanza alimwinamia mkuu wa shule yetu. Yule mama akadhani mtoto ameangusha kitu, akainama naye kukitafuta. Jirani mmoja aliniuliza kama mtoto ana maumivu ya shingo. Tulicheka, mwanangu, mimi na baba yake tulicheka sana usiku ule. Lakini mtoto hakucheka. Alikuwa akisimama mbele ya mtu mzima, kichwa chini, anasubiri, anasubiri, halafu anainua macho polepole kuangalia mkono umepotelea wapi.

Baba yake akasema, "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mwanangu, huku toa mkono kama wenzako." Na kweli, bibi mmoja jirani, mama mwenye subira, akamfundisha salamu ya kwao: mkono wa kulia mbele, wa kushoto unashika kiwiko cha wa kulia, kama unauinua mzigo. Ndiyo heshima yao ile, kumwonyesha mkubwa kwamba hukumpa mkono wa dharau. Kwa mwanamke unasema "Dumela, mma," yaani habari, mama. Kwa mwanamume, "Dumela, rra." Lemayian alikuwa hodari. Watu walimsifu njia nzima, na sisi tukavimba vichwa.

Basi baada ya miaka miwili likizo ndefu ikafika, tukarudi nyumbani kwa mara ya kwanza. Kutoka Karatu tulipanda lori la mahindi, tukapita geti la hifadhi, tukapanda ule ukingo wa kreta wenye baridi ya kukata masikio, watoto wamefungwa shuka mpaka puani, tukashuka upande wa pili kwenye vumbi jeupe hadi Piyaya. Jua lilikuwa bado juu tulipoingia bomani. Watoto wa boma wakatukimbilia, wakatuletea vichwa, na mimi nikaweka kiganja kwenye kila kichwa, nimefurahi hadi machozi.

Shemeji yangu Parmet, kaka mkubwa wa baba Lemayian, alikuwa amekaa kwenye kigoda na wazee wenzake. Baba yao alishafariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho bomani. Nilimwona Lemayian anachomekea shati. Alikuwa ametambua kwamba huyu ndiye mkubwa wa wote, na alitaka kumpa salamu yake nzuri kuliko zote. Akaenda, akasimama wima, mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshika kiwiko.

"Dumela, rra."

Kofi lilisikika hadi zizini.

"Layoni asiyepita jando ananipa mkono!" Parmet alifoka. "Mimi ni rika lake? Mmempeleka huko mkaniletea kitu gani hiki? Huyu ameharibika. Nyinyi rudini kwenye mkataba wenu, huyu anabaki hapa achunge ndama, tumnyooshe. Samaki mkunje angali mbichi!"

Mmaasai wa Piyaya, mwanangu. Samaki hamli, hata kumshika hawezi, lakini methali ya kumkunja anaijua!

Wazee wale wakaitikia kwamba mtoto abaki. Nilimtazama mume wangu aseme neno. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwalimu wa hesabu mzima, hesabu ya kofi moja imemshinda. Basi nikasema mimi. Kwetu mke hampandishii shemeji mkubwa sauti, tena mbele ya wazee, lakini nilipiga kelele mpaka ndama wakaacha kunyonya. Nilimwambia mtoto amemwamkia kwa heshima kuliko mtoto yeyote wa boma lile, na yeye amemlipa kwa kofi kama mtu asiyeona. Parmet akamwambia mume wangu, "Mnyamazishe mke wako." Hilo nalo bado sijalisamehe.

Na Lemayian? Hakulia. Aliirudisha mikono yake nyuma, akaificha ndani ya shati. Tangu hapo akisogelewa na mtu hakutoa kichwa wala mkono. Alisimama tu kama kigingi. Usiku ule nilimwambia baba yake, "Akibaki mtoto, na mimi nabaki, na wewe utarudi huko ujipikie." Akasema kauli ya kaka haivunjwi. Tukalala tumepeana migongo.

Asubuhi, baada ya kukamua, mama mkwe wangu akatuita wote. Watoto walimwita Koko, yaani bibi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na ya jana aliyaona yote. Alibeba kibuyu cha maziwa, akamwendea Parmet akamwekea puani.

"Nusa."

Parmet akakunja uso. "Yameharibika."

"Kosa la nani?"

"La aliyeosha kibuyu asikifukize moshi. Yeyo, mama yangu, unaniuliza mambo ya wanawake?"

"Nakuuliza kwa sababu jana uliyapiga maziwa kofi," Koko alisema. "Kibuyu kisipofukizwa, maziwa hayalaumiwi. Mtoto alikuja kwako na mikono miwili. Wewe ulikuwa na mkono mmoja tu, na huo ndio ulioutumia vibaya."

Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi mapema mno. Akanigeukia mimi na mume wangu.

"Na nyinyi. Mnafundisha watoto wa watu mpaka mnavuka mipaka kuwafuata. Wenu mlimfundisha salamu ya huko, ni vizuri, mtu hali kwa jirani asijue kumsalimia. Ya hapa mlimwachia nani amkumbushe? Lori? Njia nzima mlikuwa na midomo, mkala mahindi ya kuchoma, hamkumwambia, 'Mwanetu, tunakokwenda wanatoa kichwa.'"

Nilichemka. Nilitaka kumwambia habari za madaftari, za homa ya Naserian, za kulea bila msaidizi. Nilitaka kumwambia yeye hajawahi kulala ugenini hata siku moja. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake! Lakini sikusema, kwa sababu alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtu aliyekukosea ukimkasirikia unapata nafuu. Aliyekwambia kweli utamkasirikia mpaka lini?

Kisha akamwita Lemayian. "Njoo unisalimie ulivyomsalimia baba yako mkubwa." Mtoto akabaki pale pale, mikono ndani ya shati. Koko hakumvuta wala hakumbembeleza. Akaweka kibuyu chini, akanyoosha mkono wake wa kulia, wa kushoto akaushikisha kiwiko, vile vile alivyomwona mtoto jana.

"Dumera," akasema. Hata neno lenyewe hakulipata sawasawa.

Akasubiri. Bibi wa boma, mkono umenyooka mbele ya kila mtu, na hakuna anayeupokea. Nilitaka nimsukume mtoto. Ndipo jambo likanipiga kifuani: hivi ndivyo mwanangu alivyokuwa anasimama kule, kichwa chini, anasubiri mkono usiokuja, na mimi nikicheka na baba yake usiku. Nikalia pale pale.

Lemayian alimtazama bibi yake. Halafu mkono mmoja ukatoka kwenye shati, na wa pili. Akaupokea ule mkono kwa heshima zote za Kibotswana. Koko akaushika, na kwa kiganja chake cha kushoto akamfunika utosi. "Huu ni wa huko," akamwambia, akiutikisa mkono. "Na huu ni wa hapa. Yote miwili ni yako." Mtoto akainamisha kichwa mwenyewe.

"Sasa ni zamu yako," Koko akamwambia Parmet. Parmet akasogea, akanyanyua mkono aweke kichwani kwa mtoto. Na mtoto akakwepa. Alikwepa, mwanangu, akajikinga shavu, na boma zima likaona. Parmet alibaki na mkono wake hewani. Hakuna aliyetaja tena habari ya kumwacha mtoto. Tuliondoka naye.

Miaka ikaenda. Koko akatutoka. Lemayian akapita jando, akawa kijana mrefu kuliko baba yake, akachaguliwa kwenda kusomea ualimu. Siku moja tulikuwa mnadani hapa Karatu, Parmet ameleta ng'ombe, mzee sasa, magoti yamechoka. Alipomwona Lemayian akawaacha ng'ombe wake kwa watu, akamjia. Akanyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ukaenda polepole, ukashika kiwiko.

"Dumela," akasema.

Lemayian akaupokea, halafu akainama, ingawa umri wa kuinama ulishampita, na safari hii kiganja kilipomfika hakukwepa. Samahani Parmet hakuisema kwa mdomo, wala sikumdai. Hasira yangu ilipungua siku ile. Kidogo.

Kwa hiyo nisikilize, na ukifika huko umwambie na mwenzio. Mtoto hakuomba safari. Safari ni yenu, kazi ni yenu, yeye mmembeba tu. Akijifunza adabu ya wenyeji, furahi, msiwe kama wale wanaokaa kwa watu miaka wakiwacheka. Lakini ya kwenu msiifungie sandukuni mpaka siku ya kurudi. Mfundishe nyumbani kwenu, kila jioni, hata kama ugali unaungua: akitoa kichwa, acha hayo madaftari, weka mkono. Kichwa cha mtoto kisisubiri. Na mkirudi, kabla ya lori kufika, mwambie anakokwenda wanasalimiana vipi. Midomo mnayo.

Na mkubwa yeyote, awe mjomba, awe mzee wa kanisa, awe baba yako mzazi, akisema mwanao ameharibika, usiangalie viatu vyako. Mjibu. Mjibu kwa adabu ukiweza, na ukishindwa, mjibu hivyo hivyo. Maziwa ndiyo huharibika. Mtoto hufundishwa.

Nimemaliza, hasira zimenikausha koo. Sogea sasa. Inama, hivyo, umekua lakini utosi haukui. Huu hapa mkono wangu. Engai, Mungu wetu, akutangulie njiani na akungojee mwisho wa njia. Kazi yako iwe na heri, nyumba yako ya ugenini isikose moto wala kicheko. Wanao, popote watakapoinamisha kichwa, wakute kiganja. Na popote watakaponyoosha mkono, asiwepo wa kuwapiga.