Upepo Nilioupunguza

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo, ila linafika kooni na kukaa hapo hapo mpaka mwingine ajibu. Nadhani ndiyo maana mwalimu wa fizikia alinikabidhi mimi lile daftari. Alisema mwandiko wangu unasomeka na sina makelele.

Daftari lilikuwa la ushirika wetu wa umeme. Kijiji chetu kiko mbele ya Makutupora, ukishayapita mashamba ya zabibu, na nguzo za umeme mkubwa zilifuata barabara kuu bila kukata kuja kwetu. Wazee wakaungana wakanunua injini ya dizeli, mimi nikiwa chekechea. Baadaye zikaja sola juu ya paa la ghala, na mwaka juzi ikasimikwa mashine ya upepo, mapanga matatu juu ya mlingoti mrefu. Sisi tunaiita feni, ingawa yenyewe haitoi upepo, inauchukua. Mchana tunatumia jua, jioni feni, na vyote viwili vikilegea ndipo injini inawashwa.

Anayeiwasha ni baba yangu. Zamani aliiwasha kila siku, na ilipokohoa tu watoto wa mtaa mzima tulipiga kelele kwa furaha. Watu wanamwita Fundi, hata wale wanaomzidi umri. Shati lake la kazi lina harufu ya dizeli isiyotoka kwa sabuni yoyote, na kusema kweli sitaki itoke.

Sasa ushirika ulitaka feni ya pili. Fundi wa mitambo kutoka mjini akasema kwanza apate vipimo vya kiangazi kizima. Akafunga kipima upepo nyuma ya shule yetu: vikombe vitatu vinavyozunguka juu ya bomba, na chini yake kisanduku chenye kioo cha namba, mita kwa sekunde. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba hiyo saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, hata Jumamosi na Jumapili. Vipimo vikiwa vizuri, feni ya pili inaletwa na injini inauzwa. Hilo la injini lilisemwa waziwazi, baba akiwepo.

Kwa mwezi wa kwanza niliandika nilichokiona. Halafu siku moja nilikuwa kwenye mashine ya kusaga na ndoo yangu, baba amekuja kukaza mkanda wa mota. Jamaa mmoja pale akamtania, "Fundi, feni inakula upepo. Wewe utakula nini?"

Watu walicheka, na baba akacheka nao. Lakini jioni ile nilimkuta kwenye kibanda cha injini akiifuta kwa kitambaa, na wala haikuwa imewashwa siku tatu.

Kesho yake kioo kilionyesha saba. Niliandika nne.

Nilijiambia ni mara moja tu, kisha nikaendelea. Siku za utulivu niliandika ukweli, siku za upepo nilipunguza. Sikumwambia mtu. Hata kwenye shajara yangu mwenyewe, hii ninayoiambia kila kitu, sikuandika.

Mkutano wa wanachama ulifanyika ghalani, watu wamekalia kreti za zabibu zilizogeuzwa. Mimi nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akamkaribisha fundi wa mjini. Fundi huyo akafungua daftari langu, akasema kwa masikitiko kwamba upepo wa hapa ni mdogo kuliko alivyotarajia. Kwa vipimo hivi hawezi kushauri feni ya pili. Bora ushirika ukarabati injini. Ili wasidhani anabuni, akasoma siku chache, tarehe na namba. Akaifikia Jumamosi moja ya mwezi wa nane, akasema siku hiyo hapakuwa na upepo wa maana, mchana wala jioni.

Bibi mmoja jirani yetu akainua mkono. Akauliza kama ni ile Jumamosi baada ya mazishi ya balozi wetu wa nyumba kumi. Akaambiwa ndiyo.

"Siku hiyo nilipeta uwele wangu wote," akasema. "Kijiji kizima tulipeta. Kama upepo haukuwepo, makapi niliyapuliza kwa mdomo?"

Ghala zima likacheka. Kwetu hakuna anayepeta siku ya utulivu. Unangoja upepo, ukija unaacha kila kitu unashika ungo. Mimi mwenyewe Jumamosi ile nilipeta na mama tangu asubuhi, na nilipokwenda kuandika ile namba ndogo nilikuwa na makapi kichwani. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wana kumbukumbu nzuri ya upepo kuliko daftari.

Fundi wa mjini akasema labda kifaa kina hitilafu. Mwalimu wangu akageuka kunitazama. Kifaa kingefunguliwa, kingelaumiwa, na mimi ningenyamaza kama kawaida yangu. Badala yake nikajikuta nimesimama.

"Shikamooni," nikasema. "Kifaa ni kizima. Mimi ndiye niliyepunguza."

Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Wote walimtazama baba, na hilo ndilo liliniumiza. Baba alikuwa ameinamisha kichwa akikwangua grisi kwenye kucha.

Mwenyekiti hakunifokea. Alisema vipimo vianze upya, na safari hii mtu mwingine asome, mimi niandike ninachosomewa. Akauliza nani atasoma. Baba akasema atasoma yeye. Mtu mmoja akaguna, lakini hakuna aliyepinga.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika uani ndipo akauliza nilipunguza siku ngapi. Nikamwambia sikuhesabu. Akasema, "Haya," akaingia ndani.

Sasa kila siku, mchana na jioni, tunakutana nyuma ya shule. Sijui mkutano ujao utaamua nini, wala baba atafanya kazi gani injini ikiondoka. Ameanza kujifunza kukatia mizabibu kwa mjomba, na mikono yake bado haijazoea mkasi.

Jana upepo ulivuma mpaka sketi yangu ya shule nikaishika kwa mkono mmoja. Baba aliinama kwenye kioo, akakifuta vumbi kwa kidole.

"Nane nukta sita," akasema.

Kalamu yangu ikasita. Akaniona.

"Andika, mwanangu. Usinionee huruma."

Nikaandika nane nukta sita.