Bati la Nyuma

Pamba mbichi ikishika moto haiwaki kwa fujo kama nyasi. Inanyamaza, inajificha ndani, inatoa moshi mzito wenye mafuta unaokaa kooni hata ukinywa maziwa. Nimezunguka sana tangu nitoke Matiliku. Nimekata mkonge, nimeuza mafuta ya taa Sultan Hamud, nimelinda stoo Kitui, na kote huko harufu hiyo imenifuata. Nikipita mahali mtu anachoma godoro kuukuu, nageuza njia.

Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba ambacho jina lake silitaji. Lilikuwa jengo refu la mabati. Mbele kulikuwa na mlango mkubwa ambapo mimi nilipokea magunia ya wakulima. Katikati zilikaa mashine za kutenganisha nyuzi na mbegu. Nyuma kabisa kilikuwa chumba cha kufunga pamba kuwa marobota, na humo walifanya kazi wanawake, kati yao mama yangu mdogo, dada wa mama. Chumba hicho kilikuwa na mlango wake wa nje, lakini meneja aliufunga kwa mnyororo na kufuli kwa sababu, alisema, wanawake walikuwa wakitoka na pamba kifuani kwenda kujaza mito. Kisha akaweka marobota mbele yake, mpaka mlango wenyewe ukasahaulika.

Ndoo za moto zilikuwepo, nyekundu, zimetundikwa ukutani kwa mstari. Mkaguzi akija zilionekana vizuri. Ndani mlikuwa na mchanga, na juu ya mchanga makohozi, vipande vya sigara na maganda ya machungwa. Msimamizi wetu alikuwa na ndoo yake aliyoipenda ya kutemea tumbako. Siku moja cheche iliruka, tukakimbilia ndoo hiyo, na mchanga ukatoka umeshikana kama keki. Moto tuliuzima kwa magunia yaliyolowa.

Cheche zilikuwa nyingi. Wakulima wetu waliamini kwamba mizani ya kiwanda inawaibia, basi nao waliweka mawe katikati ya gunia ili kusawazisha mambo. Jiwe likipenya mpaka kwenye meno ya mashine, linatoa moto. Kila mtu alilijua hilo, mkulima, meneja na mchungaji wa kanisa. Kila mmoja alimlaumu mwenzake na mawe yakaendelea kuja.

Mama mdogo alikuwa kiongozi wa mwethya kule kijijini, kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba na kuchimba matuta kwa zamu huku wakiimba. Hakuwa mtu wa kunung'unika pembeni. Aliomba mlango wa nyuma ufunguliwe. Meneja akamwambia apeleke neno kwa chama cha wafanyakazi. Tukapeleka. Tukangoja msimu mzima, mpaka katibu wa tawi akaja.

Alikuja asubuhi, akaingia ofisini kwa meneja, na harufu ya mbuzi wa kuchoma ikatufikia sisi tuliokuwa tumekaa chini kwenye kivuli cha stoo tukimsubiri. Alipotoka jua lilikuwa utosini. Midomo yake iling'aa mafuta. Alianza kwa maombi, na maombi yenyewe yalikuwa marefu. Alimshukuru Mungu kwa meneja, kwa mashine, kwa mvua ambayo haikuwa imenyesha. Huku amefumba macho, alikuwa akichokonoa meno kwa ulimi. Nilimwona kwa sababu mimi sikufumba yangu.

"Amina," tukasema.

"Sasa, wenzangu," akasema, "chama kinashughulikia maslahi yenu."

Mama mdogo akasimama. "Mlango je?"

"Mama, mambo ya mlango ni ya mwenye nyumba. Sisi ni maslahi."

"Na kuungua si maslahi?"

Watu wakacheka. Hata yeye akacheka, tumbo likacheza.

"Mama huyu ni hatari! Nitalipeleka jambo hili Nairobi."

"Litaenda kwa miguu?" akauliza mwanamke mwingine nyuma. "Maana lile la viatu bado halijafika."

Kicheko kikazidi. Katibu akaangalia saa, akatuaga, na mguu mmoja wa mbuzi ukapakiwa kwenye gari lake ukiwa umefungwa kwa gazeti. Damu ilichuruzika ikapita kwenye picha ya mtu fulani mkubwa. Nilitema mate.

Wanawake hawakungoja Nairobi. Jumamosi moja baada ya kazi, mama mdogo aliwapanga kama anavyowapanga kwa matuta: wawili wa kung'oa misumari, wawili wa kulinda, wengine wa kuimba ili nyundo isisikike. Walichagua bati moja la ukuta wa nyuma, pembeni ya mlango uliofungwa, wakalilegeza na kulishikiza kwa waya juu. Ukilisukuma kwa bega lilifunguka kama pazia. Wakalifanyia mazoezi pia. Mama mdogo akipiga kofi, wote wanatupa walichoshika na kukimbilia nyuma, mmoja mmoja, wazee kwanza. Walifanya hivyo mara nyingi wakati meneja amekwenda kula, wakitoka nje kwenye jua wakicheka kama wasichana wa shule. Mimi niliwaona kutoka mbele, nami nikacheka nao.

Kilichowaumbua ni kuku. Kuku wa mlinzi alipata lile pengo, akaingia na kutaga kwenye pamba. Akaona pazuri, akarudi kila siku. Mlinzi akamfuata kuku wake, akaliona bati, akaenda kumwambia meneja.

Meneja aliita hilo wizi. Alisema sasa tumejua pamba inapitia wapi. Akampigia simu katibu wa tawi, na katibu ambaye kwa mlango tulimngoja msimu mzima, kwa bati alifika siku hiyo hiyo kabla ya chai ya saa kumi.

Tulikusanywa nyuma ya jengo. Hakuna maombi safari hii. "Chama hakilei wezi," alisema. Akavua koti, akampa msimamizi amshikie, akaomba nyundo. Alipigilia msumari wa kwanza mwenyewe, na wa pili, jasho likimtoka shingoni kwenye mikunjo ya nyama, na meneja amesimama kando akitabasamu kama baba mkwe.

Mama mdogo alisogea karibu. "Piga vizuri, mwanangu," alisema kwa upole. "Chama chako kimepata kazi."

Mtu mmoja akaguna. Katibu akampa mlinzi nyundo. Mlinzi akamalizia iliyobaki, safu mbili za misumari, juu mpaka chini.

Moto ulikuja wakati wa mavuno, mchana, marobota yakiwa yamejaa. Nilikuwa mlangoni napokea gunia. Nilisikia jiwe, mlio mfupi ndani ya mashine, kisha nikaona mwanga mdogo wa njano ukipanda kwenye vumbi la pamba lililokuwa limening'inia juu kwenye boriti, vumbi ambalo hakuna aliyewahi kulifagia. Ulikimbia juu ya vichwa vyetu haraka kuliko panya. Wanaume wa mashine walitokea mlangoni kwangu. Njia ya katikati bado ilikuwa wazi. Mtu wa nyuma angeinama, angepita.

Lakini wale wanawake hawakuja mbele. Walikimbilia kwenye bati. Walikuwa wamesimama wote wakitazama likipigiliwa, kila mmoja alijua, ila miguu yao haikuwa kwenye ule mkutano. Mama mdogo alikuwa wa kwanza kukumbuka. Nilimwona ameshapita katikati, karibu kabisa na mlango wangu, akageuka nyuma na kuona yuko peke yake. Nikamwita. Akanipungia mkono kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi, akarudi ndani ya moshi akiwaita kwa sauti ile ya kuongoza nyimbo.

Tulizunguka nje. Bati lilikuwa likipigwa kutoka ndani kwa ngumi, kwa viganja, kwa vichwa. Wakulima waliokuwa kwenye foleni walileta majembe, tukalichana lile bati misumari ikilia. Walitoka wakianguka mmoja juu ya mwingine, wanakohoa, nywele zimeungua. Wote walitoka. Mama mdogo alitoka wa mwisho. Alikuwa amelishika bati kwa mikono miwili kulisukuma, nalo lilikuwa limeiva kama kikaango. Sitaandika nilichoona kwenye viganja vyake.

Alipotoka hospitalini katibu alimtembelea nyumbani, na mpiga picha. Alileta mkate mmoja. Kwetu mgeni hapokelewi kwa mikono mitupu, basi binamu yangu akamwekea muthokoi kwenye sahani, na akala. Mama mdogo alikuwa amekaa mbele yake, mikono imefungwa bendeji mpaka viwiko, akilishwa na mkwe wake kwa kijiko. Katibu alisukuma mahindi na maharagwe mdomoni, akasema akiwa bado anatafuna:

"Ila mama, jambo moja linasumbua. Njia ya mbele ilikuwa wazi. Kwa nini mlikimbilia nyuma?"

Mkwe akasimamisha kijiko hewani. Mama mdogo akaitazama sahani ya mgeni.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama, asante sana."

"Basi nenda nyumbani kwako."

Katibu alitaka kumpa mkono, akakumbuka, akashika kiwiko chake kwa vidole viwili.

Kiwanda kiliezekwa upya upesi, maana pamba ilikuwa ikingoja. Kufuli jipya likatiwa nyuma. Asubuhi ya kufungua, wanawake walifika na majembe yao, wakakaa nje wakiimba, wala hawakuingia. Sisi wanaume tuliona aibu, tukakaa pia. Magunia yakapangana mpaka barabarani na wakulima wakaanza kumtukana meneja. Mchana mnyororo ukakatwa. Wanawake waliliokota lile bati lililochanika, wakalibeba vichwani kupitia katikati ya soko mpaka kwa mama mdogo. Nilipompitia mwaka huu lilikuwa bado ni paa la banda lake la kuku, na mwanga unapenya kwenye matundu ya misumari.

Mimi niliacha kazi muda mfupi baadaye, baada ya mkutano wa mwisho niliohudhuria pale. Katibu alikuja na suti mpya. Alisimama kwenye ule mlango wa nyuma, akaugonga ubao wake kwa kiganja kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake mwenyewe.

"Mlango huu," alisema, "chama chenu kiliupigania!"

Watu wakapiga makofi. Walipiga, nilisikia kwa masikio yangu, na meneja naye alipiga. Mama mdogo alikuwa ameletwa kama mgeni, amekalishwa kwenye kiti mbele. Mikono yake ilikuwa mapajani, vidole vimejikunja ndani. Alikuwa anamtazama katibu midomo.